Nilizipiga lamination kurasa za mwisho za mzee, nikidhani naziokoa

Wakuu, salaam aleikum, na nyie wa Bwana asifiwe nawasalimu vilevile.

Leo nimefunga sunna, sitaki kufuturu kwa uongo. Ninachoandika hapa nimekifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ilomba, Mbeya. Shule nimesoma madarasa ya jioni nikiwa tayari na watoto wawili, kwa hiyo mkikuta makosa ya uandishi mnivumilie.

Mwalimu wetu wa jioni alikuwa anatuambia tusome chochote chenye maandishi. Mimi nikaangukia kwenye magazeti ya zamani ya vibonzo, zile hadithi za picha. Picha inakusaidia neno usilolijua. Nikazipenda mpaka leo.

Nilianza kuyakusanya. Mengine nilipata Mbalizi sokoni kwa mama mmoja anayeyafungia karanga. Nikimwambia niuzie karatasi, karanga baki nazo, anaita wenzake: "Njooni muone! Huyu mteja karanga hataki, anataka kifungashio!"

Baba Swaumu, mume wangu, naye ana lake: "Wenzio wanaweka dhahabu, wewe unaweka vikatuni."

Nayaweka kwenye sanduku la bati. Ukutani situndiki, maana chumba ndicho hichohicho ninachoswalia.

Sasa kuna mchoraji mmoja nilimpenda kuliko wote. Anachora akina mama kama tulivyo, na vitenge vyetu na miguu yetu iliyopasuka. Nitamwita Mzee Mhongole, jina lake halisi naliacha.

Mwaka juzi nilienda Iringa kumuona dada yangu. Nikamtajia yule mchoraji, akacheka. "Huyo mzee si yupo Kihesa hapo? Ndiye anayeandika vibao vya saluni."

Wakuu, nilienda siku ileile.

Nikamkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake. Nikamsalimia kwa Kihehe, kamwene, akaitika, akaniuliza kama nataka kibao cha saluni au cha mgahawa.

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya hadithi zako. Halafu akamuita binti yake anayekaa naye, Editha: "Leta lile bahasha la kabatini. Amekuja msomaji."

Ndani mlikuwa na kurasa kumi na moja kwenye manila. Sio gazeti, ni original, mkono wake mwenyewe. Unaona mpaka alipokosea akapaka rangi nyeupe juu.

Ilikuwa hadithi yake ya mwisho. Mama mmoja anamtafuta mwanae aliyeenda mashamba ya chai asirudi. Gazeti lilikufa kabla haijatoka, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuisoma.

Kurasa tisa zimekamilika. Mbili za mwisho zilikuwa penseli tu, na vile viduara vya maneno vilikuwa vitupu. Yeye maneno huyaandika mwisho kabisa, baada ya wino. Ndivyo alivyozoea kufanya kazi.

Kwa nini hakumalizia? Macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, anasubiri operation. Vibao vya saluni herufi ni kubwa, anajikongoja. Uso wa mtu hawezi.

Akaniambia: "Mama Swaumu, kwangu mvua inaingia. Wewe umesema kwako bati ni zima. Nitunzie. Nikiona vizuri utaniletea, nimalizie."

Nikasema inshallah, mzee wangu. Nikazipakata kwenye basi Iringa mpaka Mbeya, sikusinzia hata kidogo.

Hapa ndipo nilipokosea.

Kwangu mimi, kitu cha maana kinapigwa lamination. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti changu cha jioni, hata kadi ya kliniki ya Swaumu. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Mvua, mende, chai ya watoto, yote hayaingii.

Nikaenda stationery moja Mwanjelwa yenye mashine kubwa. Dada wa pale akauliza: "Mama, na hizi za penseli pia?"

Nikamjibu: "Hizo ndio uanze nazo. Penseli inafutika."

Zikatoka zinang'aa, bado za moto. Nilimshukuru Mungu pale pale dukani.

Ikapita kama miezi saba. Siku moja asubuhi simu inaita, Mzee Mhongole, anapiga kelele kama mtoto: "Mama Swaumu! Naona! Naona mpaka sisimizi! Lete kurasa zangu."

Kesho yake nilikuwa Kihesa. Alishaweka meza nje kwenye mwanga. Chupa ya wino mweusi mpya, kalamu zake za nibu zimepangwa kwenye kitambaa. Amenyoa ndevu.

Nikamkabidhi bahasha kwa mikono miwili, natabasamu. Wakuu, nilikuwa nategemea kusifiwa.

Akatoa ukurasa wa kwanza. Akaupapasa. Akaugeuza nyuma, akaupapasa tena.

"Umezifanya nini?"

"Nimezipiga lamination, mzee. Haziharibiki tena."

Hakunigombeza. Alichovya nibu, akajaribu kuchora juu ya plastiki, kwenye jicho la yule mama. Wino ukakusanyika matonematone kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Akaufuta kwa kidole.

Editha akaleta wembe. Tukajaribu kubandua pembeni ya ukurasa wa kumi. Karatasi ikachanika katikati ya unene wake, ile ngozi ya juu yenye penseli ikabaki imeng'ang'ania plastiki. Mzee akasema, "Acheni. Acheni hivyohivyo."

Halafu akacheka kidogo. "Mama wewe, umeivalisha hadithi yangu koti la mvua na vifungo umevimeza."

Nililia. Nikamwambia basi nisimulie, nitaandika mimi, nijue kama alimpata mwanae. Akatikisa kichwa.

"Mwisho wangu mimi sijawahi kuusimulia. Huwa naujua mkono ukifika pale."

Editha aliniambia baadaye kwamba mzee alinunua manila mpya akajaribu kuzichora upya. Jicho lilirudi ila mkono haukurudi, ulikuwa unatetemeka. Alijaribu siku nne, halafu wino akampa fundi vibao mwenzake.

Mimi nilirudi mara mbili kumuomba radhi. Mara zote mbili alinipa ugali na mboga akaniuliza habari za watoto. Kuhusu kurasa hakutaja tena. Heri angenitukana.

Kabla mvua hazijaanza Editha akanipigia. Mzee ameondoka, usingizini. Nikasema innalillahi, nikafunga safari.

Mimi Muislamu, wao Wakatoliki, lakini nilikaa jikoni na akina mama wa pale siku tatu, nikipika na kuosha masufuria.

Siku ya kuanua tanga Editha aliniita chumbani. Alikuwa amezishika zile kurasa mbili za mwisho, anaziinua dirishani. Kwenye ile ya kumi na moja yule mama amesimama mlangoni kwa mtu, mdomo wazi, kiduara chake kitupu. Aliye ndani ya nyumba hakuchorwa.

Akaniuliza: "Mama, baba alikuambia anasema nini hapa?"

Nikamwambia hakuniambia.

"Ulikaa naye saa nzima siku ile ya kwanza. Mimi nilikuwa jikoni. Niambie tu, sitakasirika."

Nikaapa, wakuu. Mimi si mtu wa kuapa. Akaniangalia, akazirudisha kwenye bahasha. Tangu siku hiyo simu zangu anapokea, ananisalimia vizuri, lakini anaamini ninauficha mwisho wa baba yake.

Kuna watakaonishauri nitafute mchoraji amalizie, nimpelekee binti wa watu kitu. Mume wangu ameshasema hivyo. Nimekataa. Nimeshaharibu mara moja kwa kusaidia, sitaongeza na kumtungia marehemu maneno.

Nilichojifunza: ukiachiwa amana, itunze kama ulivyoipokea. Usiiboreshe. Mwenyewe alinikabidhi kurasa ambazo hazijaisha, nikazifunga kama zimeisha.

Mnaokusanya magazeti ya zamani na michoro, niambieni mnaihifadhije. Na kama kuna aliyewahi kuharibu cha mtu kwa nia njema, alimwambia nini mtoto wa marehemu mpaka akaaminika? Hilo ndilo linaloninyima raha. Nitasoma comment zote nikimaliza kufuturu.