Kuku Wawili wa Jirani

Mwaka ambao mama yangu alianza kupotewa na kumbukumbu, kuku wawili wa jirani yetu walitoweka katika juma moja. Wa kwanza aliliwa na mbwa wa shemasi wa kanisa letu. Wa pili tulimkuta chumbani kwa mama, mzima, amefunikwa kitenge; mama alikuwa akimbembeleza alale.

Jumamosi wazee wa kanisa walikuja na jirani kuketi katika lupango letu, yaani kiwanja cha nyumba yetu, uani, kwenye viti vyangu. Walianza na mbwa. Shemasi alimtetea vizuri.

"Imbwa haina akili," alisema. "Haiyue kama kuku ni ya mutu."

Mbwa asiyejua kitu alisamehewa kabla chai haijapoa.

Kwa mama walikawia zaidi. Anasahau jina la mwanawe lakini anakumbuka njia ya banda la kuku? Basi anajua. Anaongea na marehemu mumewe? Basi anajua mno, na ni uchawi. Hukumu: siku tatu za kufunga, bila chakula wala maji, ili kile kinachojua ndani yake kitoke. Mama hakuwa na nyama mwilini ya kumvusha hata siku mbili.

Sikuwa na haki ya kuwacheka. Mwezi uliotangulia mama alificha miwani yangu ndani ya unga, nami nilimfokea kwamba anafanya makusudi. Baada ya aibu hiyo nilianza kuandika daftarini kila alichokumbuka na kila alichosahau. Niliwasomea kurasa nne. Mzee mmoja alisinzia.

Nikafunga daftari, nikamgeukia shemasi. "Papa shemasi, mbwa alipomaliza kuku alifanya nini?"

"Ilikimbia, ikajificha chini ya kitanda yangu."

"Kama haiyue, ilijificha kwa nini?"

Jirani, mwenye kuku, akaangua kicheko. "Njo vile, kabisa! Basi nayo ifunge siku tatu!"

"Bila mayi?" Shemasi aliruka kitini. "Na hii joto? Imbwa yangu itakufwa!"

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwenyekiti wa wazee alikohoa, akatangaza amefunuliwa kwamba wazee wenyewe watafunga kwa niaba ya mama: siku moja, mpaka saa sita mchana.

Mama akatoka jikoni na birika, akasimama mbele ya shemasi.

"Mutoto yangu, umekonda. Kwenu hawakupe chakula?"

Akammiminia. Shemasi alikitazama kikombe, kisha mkono uliokishika, ule aliotoka kuuita wa mchawi.

"Kufunga ni kesho, Papa," jirani akamwambia. "Kunywa."

Akanywa. Akaomba sukari.