Nilimsahihishia Mama Swali, Nikaligeuza

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kabla ya leo nilikuwa nikianza na mengine: kwamba swali liliandikwa vibaya, kwamba mtu yeyote angekosea. Nimejitetea mpaka nimechoka. Nilikosea, na nilikosea kwa kiburi.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Kasese, karibu na mpaka wa Kongo. Wateja wakipungua, nilikuwa nasimamia jukwaa moja la mtandaoni ambapo wakulima wa kahawa huuliza maswali na wenzao huwajibu. Kazi yangu ilikuwa kupanga maswali, kusahihisha yaliyoandikwa ovyo na kufunga yasiyoeleweka. Hakuna aliyenilipa.

Niliipenda kazi ile kwa sababu mbaya. Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu. Nimekulia kambini, ambako lugha ni Kiswahili, kisha nikasoma miaka minne Tanzania, nikarudi na Kiswahili kilichonyooka pamoja na dharau. Watu wa milimani na wa mpakani Bwera, wanaoandika "mutu" na "iko", niliwacheka mbele ya wote. Nikimcheka mmoja, wengine wanabonyeza alama ya kicheko, nami najiona mwalimu.

Siku moja, saa tatu asubuhi, likaingia swali katika sehemu ya miche, yaani kahawa changa. Liliandikwa hivi:

"Mutoto amekunywa dawa ya kahawa mingi. Iko nalegea. Niongeze maji?"

Pale jukwaani wakulima wengi huiita miche yao "watoto". Mtu huandika "watoto wangu wananyauka" na sote tunajua anasema kahawa. Basi mimi nikaona mche uliomwagiwa dawa kupita kiasi. Sikusoma mara ya pili. Nikaandika chini yake: "Ndugu, Kiswahili hiki umekiokota wapi? Mche haunywi, humwagiwa." Kisha nikafuta maneno yake, nikaweka yangu: "Mche wa kahawa umewekewa dawa nyingi mno, umelegea. Je, niuongezee maji?"

Nikaridhika. Swali sasa lilikuwa safi.

Majibu yakaja haraka, na yalikuwa mazuri kabisa kwa mche. Mmoja akasema aongeze maji kidogo kidogo. Mwingine akasema aweke kivulini, asiguse, kesho utasimama wenyewe.

Yule mama aliyeuliza akajibu: "Asante. Nimelalisha yeye kivulini."

Nilicheka peke yangu dukani. Nikamwandikia: "Yeye ni nani? Mche si mtu."

Ndugu yangu unayesoma, niliandika hivyo kwa mkono wangu. Ukweli wote ulikuwa ndani ya neno lile lile nililokuwa nalikosoa.

Aliyeuona ni Mama Masika, Mkongomani anayenunua kahawa sokoni Bwera. Nilimjua kwa jina tu, na sikumpenda kwa sababu alikuwa hanyamazi nikiwacheka watu. Akaandika: "Bajinga nyie, muache kucheka. Huyu iko mutoto ya mutu. Mama, uko wapi? Kimbiza mutoto ku hopitali."

Mimi niliishia kwenye neno la kwanza. Nikafuta, nikamfungia nje wiki nzima kwa kosa la matusi. Halafu nikaendelea na fotokopi zangu.

Lakini wakulima wa pale huweka namba zao za simu ili wanunuzi wawapate. Mama Masika akapiga. Aliyepokea alikuwa mwanamke wa upande wa Kongo aliyeolewa Kyarumba, peke yake nyumbani juu mlimani. Mumewe alikuwa ameshuka na kahawa na kumwachia simu isiyo na salio la kupiga, yenye bando kidogo tu la mtandao. Binti yao Biira, wa miaka minne, alikuwa amekunywa dawa ya wadudu iliyobaki kwenye chupa ya soda. Mama akafungua mahali ambapo mumewe huuliza mambo ya dawa ile. Neno "mche" hakulijua, kwao wanasema mti ya kidogo. Aliposoma "kivulini" alitandika kitenge nyuma ya nyumba, akamlaza mtoto, akawa anamnywesha maji kidogo kidogo, kama tulivyomwambia.

Mama Masika akawapigia wachukuzi wanaomletea kahawa kutoka huko. Wanaume wanne wakambeba Biira kwa machela kwenye vijia vile vya mteremko mpaka barabarani, pikipiki ikawachukua. Walifika hospitali alasiri.

Kesho yake Mama Masika akaja dukani kwangu. Wateja walikuwepo.

"Weye njo musimamizi?"

"Mama, kama umekuja kwa habari ya kufungiwa, ulitukana."

"Soma." Akanisukumia simu yake. Jukwaa huhifadhi maandishi ya kwanza, naye alikuwa amelipiga picha lile swali lilivyokuwa kabla sijaligusa. "Soma na sauti, bantu basikie."

Nikasoma. Nilipofika "iko nalegea" nikaelewa. Kisha akawaeleza wote yaliyompata mtoto. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri cheti akachukua karatasi zake mezani, akatoka.

"Mutoto angali muzima," Mama Masika akaniambia. "Lakini sikukuya kukutuliza roho."

Nilikwenda hospitali na maziwa na sukari. Baba yake Biira, Baluku, alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Nikajitambulisha.

"Wewe ndiye ulisema binti yangu ni mti."

"Nilidhani..."

"Hukudhani kitu. Ungedhani, ungeuliza. Rudi na maziwa yako."

Mkewe alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma yake. Nilitamani anitukane, maana matusi ningeyajibu. Hakunitazama. Alimwambia mumewe: "Nilijua Swahili yangu iko mubaya. Nikafikiri bale bantu banajua kuliko mimi."

Maneno hayo nimeshindwa kuyameza mpaka leo.

Daktari aliwaambia kwamba saa zile zilizopotea zilimdhuru. Biira aliruhusiwa, lakini miguu haijapata nguvu. Anatembea kwa kushika ukuta.

Nami nilivuna changu. Nilivuliwa usimamizi, na hilo lilikuwa dogo. Picha ya mazungumzo yale ikazunguka kwenye simu za watu kutoka Kasese mpaka Bwera. Wale wale waliokuwa wakibonyeza kicheko wakawa wa kwanza kuniita muuaji. Asubuhi moja nilikuta mlango wa duka umeandikwa kwa mkaa: MCHE SI MTU. Nilisugua, maneno hayakutoka vizuri. Wateja wakahamia kwa jirani. Hata baba yangu alinigeukia.

"Kambini ukipewa amri hujaielewa, unasema: afande, rudia," aliniambia. "Kuruta wa siku ya kwanza anajua. Wewe na shule zako zote hukujua?"

Akaondoka kabla sijajitetea.

Basi wewe unayejibu watu huko mitandaoni, unayefurahi ukiona sentensi imepinda, nisikilize. Anayeandika ovyo huenda mikono yake inatetemeka. Huenda ile ni lugha yake ya tatu, na hana mwingine wa kumuuliza. Usimsahihishe kabla hujamwelewa, na usimwelewe kwa kubahatisha. Na anayekutukana akikuzuia, msome mpaka mwisho kabla hujamfunga mdomo.

Maneno mawili yangetosha asubuhi ile: "Mtoto gani?" Yangenichukua muda mfupi kuliko mzaha wangu.