Zubeiri na Mwanamke wa Upande wa Kushoto

Hana shamba. Hana baiskeli. Hana ndugu wa kiume wa kumshika mkono siku ya dhiki. Na juu ya sikio lake la kulia Zubeiri Uweso hana mfupa: pana ngozi tupu, kiasi cha kiganja cha mtoto, ambayo kwa kawaida hupanda na kushuka taratibu kama koo la mjusi aliyetulia.

Ni saa sita mchana. Zubeiri anaanika singa, nyuzi za mkonge, katika shamba karibu na Kigombe. Nyaya zimejaa safu kwa safu, nyeupe kama nywele za ajuza, na upepo haupo. Ghafla anasimama, anajibanza kulia, anainamisha kichwa kama mtu anayempisha mkubwa wake njiani.

Njia ni tupu.

"Leo unampisha nani, Zubeiri?" anauliza mwenzake Methusela, mtu wa milimani. "Kama ni mnyapara, mwambie mimi nipo kazini!"

Wengine wanacheka. Zubeiri hacheki. Amemwona tena.

Alianza kumwona mwaka 1953: mwanamke wa kaniki, asiyesema, asiyegeuka, daima upande wa kushoto. Hutanguliwa na harufu ya udongo uliolowa, hata wakati wa kiangazi. Akishapita, mkono wa kushoto wa Zubeiri hufa ganzi, na mara nyingine yeye mwenyewe huanguka akatoka povu. Kipande chake, kadi ya siku thelathini za kazi, ambacho wenzake hukijaza kwa wiki sita, yeye kilimchukua miezi mitatu.

Mama yake, Bi Sabiha, alimpeleka kwa mganga. Ngoma ikapigwa, ubani ukafukizwa, pepo akapanda na kutaja sharti lake: chuma kisiguse kichwa cha Zubeiri. Basi wembe ukawa mwiko. Nywele zikawa kichaka, na kofia ikakaa juu ya kichaka.

Hapo ndipo walipokosea. Chini ya nywele zile fuvu lilikuwa likivimba, wala hapakuwa na wa kuliona.

Aliyeligundua ni Fanueli, dresa wa zahanati ya shamba, siku Zubeiri alipoletwa amezimia. Alipitisha vidole nyweleni, akavirudisha tena upande wa kulia.

"Bi mkubwa," alimwambia mama mtu, "habari za pepo nawaachia wazee. Lakini kichwa hiki kina upande mmoja mkubwa."

Picha iliyopigwa Tanga ilionyesha mfupa uliokonda kama ganda la yai. Daktari wa upasuaji aliyekuja kutoka Nairobi alieleza kwamba ndani mna mfuko mkubwa wa maji. Si uvimbe mbaya, pengine alizaliwa nao. Ila unaukandamiza ubongo, na ukiachwa utamuua.

Zubeiri alinyolewa, akapasuliwa yu macho, ngozi tu imetiwa ganzi.

"Nilisikia keekee ikitoboa," anasimulia. "Haiumi. Lakini ile sauti haitoki nje. Ni kama mtu anakubishia hodi, naye yumo ndani mwako. Na yule mwanamke alisimama palepale, kushoto kwa meza. Maji yakaanza kudondoka kwenye beseni. Ndipo akaanza kunigeukia. Nikafumba macho. Nilipofumbua, hayupo."

Daktari alikata ukuta wa mfuko ili maji yapate njia, akaacha tundu bila mfupa. Akaonya: ngozi ile ikikaza na kutuna, njia imeziba, mniandikie mara moja.

Miaka miwili ilipita kwa amani. Sasa, alasiri hii, nyumbani, mkewe Asmahani, mjamzito wa miezi saba, anaweka kiganja juu ya sikio la mumewe. Ngozi haipandi, haishuki. Imewambwa kama ngoma.

"Amerudi kudai," anasema Bi Sabiha. "Mlimgusa kwa chuma. Tumwombe radhi, mwanangu. Ukienda kupasuliwa mara hii, hutarudi."

"Mama, zamani alikuwa akipita tu. Leo amesimama, ananitazama."

"Uso wake ukoje?"

 Zubeiri anaunyanyua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, anauweka mapajani kama kitu cha kuazima.

"Nataka nimpakate mwanangu kwa mikono miwili," anasema. "Ngoma haitanipa hilo. Nilikwisha kuicheza."

Asmahani anaanza kulia. Bi Sabiha anajifunga kanga yake upya, kwa nguvu.

"Basi tutakwenda wote. Nitakaa kushoto kwako. Akitaka kupita, apite juu yangu."

Zahanatini Fanueli anamwandikia daktari wa Nairobi maneno machache: maji yamerudi, mgonjwa yu tayari. Zubeiri anaomba bahasha aifunge mwenyewe. Anailamba, anaikandamiza juu ya meza kwa kiganja cha kulia, anatoka nayo uani, ambako lori la kwenda Tanga linanguruma. Anamkabidhi dereva mkononi, na dereva anatia gia.

Bi Sabiha amesimama kushoto kwa mwanawe.