Salamu Zilizolala Kwangu

Sisimulii haya ili mnicheke, ingawa mtacheka, ni aibu iliyonipata nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na mke, tena matangani, mbele ya watu ambao wengine wangali hai na wakiniona njiani hupunguza sauti.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, nimeacha kazi kwenye shamba moja la mkonge upande wa Mlandizi nikarudi kwetu Msimbu. Kule mkongeni huna haja ya kuifikiria siku, kengele ikilia unaamka, ikilia tena unakata, msimamizi anatia alama kwenye kipande chako, ile kadi ya siku za kazi, na siku imekwisha, nami miaka sita nililalamika kwamba sina wakati wangu mwenyewe. Basi niliporudi nyumbani nikaupata wote kwa mpigo, na sikujua pa kuuweka. Asubuhi nanoa jembe, nasema jua likipoa nitakwenda shamba, jua linapoa nimo kwenye bao, nasema kesho. (Mke wangu Mwamvua alikuwa akisema nilishaoa zamani mke anaitwa Kesho, yeye ni wa pili.)

Nilikuwa na wajomba wawili, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Mkubwa, Mjomba Kondo, alikaa Maneromango, na mdogo, Mjomba Mwinshehe, alikaa hapohapo Msimbu, ng'ambo ya kijito. Walikuwa hawasemezani mwaka wa nane, kisa mikorosho ya baba yao. Nikaenda Maneromango kumtazama Mjomba Kondo, nikamkuta hawezi, miguu imevimba, sauti imebaki ya kunong'ona. Akanishika mkono akaniagiza nimwambie mdogo wake aje upesi, na maneno ya kusameheana, nami nikaitikia kwamba nitafika kwake kabla sijafika kwangu.

Sasa njia ya kutoka huko, ikiingia Msimbu, inagawanyika, kulia kwa Mjomba Mwinshehe, kushoto kwangu. Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye kope, nikasema acha nikaoge kwanza, nile, niende kesho nikiwa na sura ya mtu. Nikashika kushoto. Ni hilo tu nililofanya, jamani, na mengine yote yalitoka hapo.

Kesho yake ikanyesha. Keshokutwa paa likavuja, nikasema nizibe kwanza. Siku ya nne haukuwa uvivu tena, ilikuwa haya, maana nikienda ataniuliza nimerudi lini, nami nitajibu nini? Kwa hiyo nikangoja nipate udhuru wa kueleza kuchelewa kwangu, na kila siku niliyongoja ilitaka udhuru mkubwa kuliko wa jana. Mwamvua kila jioni ananiuliza kama nimeshakwenda kwa mjomba, namjibu nakwenda. Ijumaa ya pili tuliswali safu moja mimi na Mjomba Mwinshehe, katikati yetu watu wawili, na imamu alipotoa salamu nilitoka kabla ya wote, viatu mkononi.

Jumatatu ikaja habari kwamba Mjomba Kondo amefariki na ameshazikwa.

Tukaenda matangani, mimi na Mwamvua, Mjomba Mwinshehe na mkewe Bi Tatu. Njia nzima mimi na mjomba tulitangulia, wanawake nyuma. (Kutwa nzima ya kutembea, ningeweza kumwambia tukiwa peke yetu, akanitukana yakaisha. Sikumwambia.)

Hitma ilipokwisha, watu wangali jamvini, mjane akaja akasimama karibu na Mjomba Mwinshehe. Akamwambia marehemu alitaka kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni, na kwa nusu mwezi alikuwa akiuliza ni nani anayebisha hodi. "Shemeji," akasema, "mbona hukuja?"

Mjomba akauliza nani aliyemwita.

"Si tulimtuma Ramadhani."

Watu wote wakanigeukia. Hapo ningesema kweli ingeuma mara moja, lakini mimi nikasema, "Nilikuja, mjomba, sikukukuta."

"Siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa tumeswali safu moja, Ramadhani."

Nikasema basi nilimwachia maneno mkewe. Bi Tatu alikuwa upande wa wanawake anaosha vyombo, hakupandisha hata sauti, akasema mimi kwake sijafika tangu mfungo. Na badala ya kunyamaza nikamsingizia na mke wangu, nikasema Mwamvua ni shahidi. Wakamtazama Mwamvua. Akajifunika kanga usoni.

Mjomba Mwinshehe hakunitukana. Aliniambia tu, "Basi nipe maneno yake sasa."

Nikaanza kwamba alitaka msameheane. Akanikatiza. "Alisema nimsamehe, au alisema amenisamehe?"

Nikafungua mdomo, na wallahi sikukumbuka. Maneno yalikaa kwangu nusu mwezi, yakachanganyika na paa na mvua na bao. Watu wakangoja, mpaka mzee mmoja akaanza kusoma Fatiha ili tu kitu kisikike.

Tangu hapo nimeifunga siku yangu kwa swala tano. Baada ya alfajiri shamba, baada ya adhuhuri kazi za nyumbani, baada ya alasiri wagonjwa na jamaa, na nikipewa salamu sivui viatu mpaka nizifikishe. Niliapa hivyo na sijavunja. Ila salamu zenyewe hazijaja. Mwaka jana Mjomba Mwinshehe aliugua, akataka binti yake aitwe kutoka Maneromango, akamtuma jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Yule bwana alipita akanisalimu, nikamwitikia. Nilikuwa nimekaa barazani, kazi zote za asubuhi nimeshazimaliza.