Mgeni katika Nyumba ya Orodha

Orodha yenyewe iko mtandaoni, wazi kwa mtu yeyote. Unachagua kaunti, unachagua idadi ya vyumba, na serikali ya jimbo inakuletea majengo ambayo kodi yake imewekewa kikomo. Wengi niliofanya nao kazi ghalani hapa Garland, jimbo la Texas, hawakujua kama ipo, maana huku mwenye nyumba hupandisha kodi anavyotaka na hakuna wa kumuuliza. Majengo haya ni tofauti: yalijengwa kwa msaada wa serikali, na anayeingia lazima kipato chake kisizidi kiwango fulani.

Niliichapisha maktaba, karatasi sita. Orodha haikwambii kama pana nafasi. Inakupa jina la jengo na namba ya simu, basi, mengine jitafutie. Nilitumia mapumziko yangu ya chakula kupiga simu, nimekaa garini na kiporo changu mapajani, nikikata jengo moja baada ya jingine kwa kalamu. Tumejaa. Piga tena mwakani. Mmoja alinikatia hata sijamaliza salamu. Nikamtukana kwa Kiswahili peke yangu ndani ya gari mpaka nikacheka. Jengo la ishirini na kitu likaniandika kwenye foleni, na miezi minane baadaye, mwanzoni mwa 2017, likaniita. Vyumba viwili, mimi na binti yangu wa miaka tisa, karibu na shule yake. Alipoona chumba chake aliniuliza, "Is this really ours?" Nikamwambia ni yetu, mradi tufuate masharti.

Sharti moja nililisoma mara mbili: mgeni asizidi siku kumi na nne. Akizidi anahesabiwa mkaazi, umpeleke ofisini na vithibitisho vya kipato chake. Ukimficha, mkataba unaweza kuvunjwa. Nilitia sahihi bila wasiwasi. Nani angenitembelea Garland?

Houston nilikuwa na dada. Si wa tumbo moja. Ni mtu wa Tanga mwenzangu, aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika nchi hii na mimba ya miezi mitano, simjui mtu. Nililala sebuleni kwake miezi kumi na mmoja. Hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Hata kunitazama kwa jicho la kuuliza, hakuwahi.

Mwaka huohuo wa 2017 Houston ikafurika, maji yakaingia kwake mpaka magotini. Nilimpigia mimi mwenyewe: "Dada, njoo. Nyumba ipo." Akaja kwa basi na mabegi mawili na cherehani aliyoiokoa kwa kuipandisha juu ya kabati.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nikirudi kazini nakuta mbaazi za nazi jikoni na mtoto amesukwa nywele. Wiki ya pili nikaanza kuhesabu: siku ya kumi, ya kumi na mbili. Fomu ya kuongeza mtu ilikuwa na maswali ambayo ningelazimika kumuuliza: unaingiza kiasi gani, utakaa mpaka lini. Hilo la pili ndilo lililonishinda. Yaani nimkalishe dada yule, maji yamemchukulia hata picha za marehemu mama yake, nimuulize ataondoka lini? Nikajiambia kunyamaza ndiyo heshima. Woga tu, jamani, nikaupa jina zuri.

Siku kumi na nne zikapita, na woga ukazidi. Nikawa namwambia asishonee karibu na dirisha. "Majirani wamelala," nasema, saa nane mchana! Hakubisha. Alihamishia cherehani yake bafuni.

Wiki ya sita meneja wa jengo akaja asubuhi kukagua vifaa vya kunusa moshi. Alikuwa ameniandikia, lakini barua ilikuwa kwenye kisanduku ambacho sikukifungua wiki nzima. Dada alikuwa sebuleni anapinda baibui, pini mdomoni, godoro limeegemezwa ukutani. Meneja, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akatazama godoro, akamtazama dada, akaniuliza kwa Kiingereza huyu ni nani.

Nikamjibu kwa Kiingereza, harakaharaka: ni mtu tu ninayemfahamu, amelala jana, anaondoka leo.

Dada anajua Kiingereza kuliko mimi. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake, akamtabasamia meneja. "Yes, today," akasema.

Mlango ulipofungwa nilianza, "Dada, nisamehe, ni mambo ya ofisi..." Akanikatiza. "Usijali, mdogo wangu. Una mtoto." Wallahi, afadhali angenitukana. Jioni ileile nikampeleka stendi ya basi. Palikuwa na muuguzi mmoja anayemfahamu huko Pearland, karibu na Houston, aliyekuwa na chumba. Binti yangu alilia kiti cha nyuma njia nzima, "But why does she have to go?" Nikaongeza sauti ya redio.

Jumatatu nikaenda ofisini kujisafisha kabla sijaitwa. Nikasema ukweli: ni dada yangu, nyumba yake ilifurika Houston. Meneja akafungua droo, akatoa karatasi moja. Waliofukuzwa na maji, akasema, wenye jengo walikuwa wamewaruhusu wakae na jamaa zao kwa miezi kadhaa. Tangazo lilikuwa mtandaoni, kwenye ukurasa wa jengo letu. Ungeuliza tu, akasema. Loh! Mimi niliyekuwa nafundisha nusu ya waumini wa msikiti wetu kuisoma ile orodha, tangu nipewe ufunguo sikuwa nimefungua hata ukurasa wa jengo langu mwenyewe.

Nilimpigia dada palepale kwenye maegesho, nikamweleza yote, nikamwomba arudi. Akacheka taratibu. Ameshapata pa kukaa, akasema, na mimi ameshanisamehe. Najua alinisamehe kweli, ndiyo tabia yake.

Hatukukosana. Katika miaka mitatu iliyofuata alikuja kwetu mara tatu, na kila mara alipiga simu kwanza. Alimuulizia mtoto, akauliza atuletee nini, kisha kwa sauti yake ileile, isiyo na kinyongo hata chembe, akauliza: "Nije saa ngapi, na niondoke saa ngapi?"