Nesi Aliyemwombea Bibi Asiende Motoni

Leo nimemkuta nesi akimwombea bibi yangu kwa jina la Yesu.

Jamani, hapa hapa Kismayu, mji wa Waislamu!

Bibi ni mtu wa kisiwa cha Chula, amelazwa kwa homa ya mapafu. Nesi ni Mkenya (jina sisemi, msiniulize), mpole mno, na upole ule ulinitia shaka tangu mwanzo.

Narudi na uji, namkuta kamshika bibi mkono, kafumba macho.

"Dada, unamsomea nini?"

Akashtuka. "Namwombea tu."

"Kwani kwenu sisi Waislamu si watu wa motoni?"

Nilidhani atakana. Akasema polepole, "Tumefundishwa kuwa asiyemwamini Yesu atahukumiwa. Nikimfikiria bibi yako nakosa usingizi. Ndiyo maana naomba."

Kabla sijamjibu, bibi, niliyedhani kalala, akafumbua jicho moja.

"Mwache. Yuwaniona nenda mochoni kuungua, yuwasikitika. Wewe je, ushamwombea yeye?"

Nimemwacha.

Ila kiti nimekisogeza hadi ubavuni mwa kitanda, na siondoki nesi akiwepo.

Nyie mngemwacha aendelee?