Nimeuza Miti ya Marehemu Kaka Ili Kulipia Nauli ya Boksi la Gemu

Admin, jina langu lifunike kabisa, maana hapa Makambako nikikohoa tu mtaa mzima wa Lyamkena unajua ni mimi.

Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto wanne. Shule niliishia la saba, lakini akili ya biashara nimezaliwa nayo. Wa umri wangu watanikumbuka: mimi ndiye niliyefungua banda la kwanza la gemu za kaseti hapa mjini. Watu walikuwa wanatoka Njombe kuja kunitazama nacheza kwa vidole vya miguu huku mikono inakula ugali. Kuna siku umeme ulikatika mchezo ukiwa katikati, na bado nilishinda. Anayebisha awaulize wakubwa zake.

Mwaka jana nikagundua mnada wa mtandaoni kule Japani. Wanauza zile zile mashine za zamani na kaseti zake. Unapandisha bei kwenye simu, muda ukiisha aliye juu ndiye mshindi. Kaseti nilikuwa nazipata kwa bei ya chipsi mayai. Nikasema nafungua banda upya, wenzangu waje kukumbuka ujana. Kuna wakala huko huko anakupokelea vitu ulivyoshinda, anavitunza ghalani, halafu anavifunga boksi moja na kukutumia kwa meli.

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi nimesafirisha viazi miaka mingi, na huku kwetu nauli ya lori ni kwa gunia. Mwenye akili anajaza lumbesa, gunia linavimba mpaka linavishwa kilemba cha kamba, na nauli inabaki ile ile. Nikajua na boksi ni hivyo hivyo. Kila nikishinda kitu najiambia, ongeza, boksi ni moja tu. Nikaongeza mashine sita, kaseti mia na kitu, mwisho nikamalizia na televisheni ya kichogo, zile nene za zamani, maana gemu za zamani kwenye hizi flati hazinogi. Televisheni yenyewe niliipata karibu bure. Nikatangaza mjini kwamba kontena langu linakuja. Fundi redio mmoja akaniuliza, "Mjomba, na nauli umeuliza?" Nikamwambia, "Wewe chomelea waya zako, mambo ya kimataifa tuachie sisi."

Siku ya kufunga boksi wakala akaniletea gharama. Ilikuwa imezidi bei ya vitu vyote mara nne. Nikamwandikia kwa ile tafsiri ya simu kwamba amekosea hesabu. Akanijibu kwa adabu, adabu iliyonitia baridi: mzigo unatozwa kwa uzito, na boksi likiwa kubwa unatozwa kwa ukubwa wake. Yaani hata upepo uliomo ndani unaulipia. Akamalizia kwamba siku za kutunza zikiisha bila malipo, kila kitu kitateketezwa. Kuitoa ile televisheni ningeweza. Lakini picha yake nilishawatumia watu wote.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kaka yangu mkubwa alifariki miaka minne iliyopita, akaacha ekari tatu za mipaini kule Mdandu. Alisema mbele yetu sote isikatwe mpaka ikomae, ndiyo shule ya binti zake wawili. Ukoo ukanikabidhi mimi karatasi ya shamba, nimtunzie mjane wake, Mama Tumaini. Mimi nikaichukua karatasi ile nikampelekea mnunuzi wa miti michanga, hawa wanaokata mirunda ya ujenzi. Ni mtu mpole, hapandishi sauti. Nikamwambia huenda nikamrudishia hela yake kabla hajakata. Akanitazama kidogo. "Mzee, mimi huwa sirudishiwi hela. Mimi huwa nachukua miti." Nikatia sahihi. Hela yote ikaenda kwenye nauli. Boksi sasa liko baharini.

Jumapili natoka kanisani, Mama Tumaini akanipigia.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene, mama."

"Miti imepakwa rangi nyekundu. Mstari kwa mstari. Hadi ile iliyo karibu na kaburi la kaka yako."

Nikamwambia labda ni utomvu.

"Shemeji, utomvu hauandiki namba."

Akaendelea, sauti imetulia kabisa. "Nimeshawaambia majirani. Vijana wanalinda zamu kwa zamu, wana mapanga. Nimewaambia baba mdogo wa watoto anakuja kusimama mbele yao, kwa kuwa karatasi iko kwake. Njoo nayo tuwaonyeshe hao wezi."

Nikajibu nakuja kabla ya wiki kuisha. Akasema, "Nilijua hutatuangusha."

Karatasi yenyewe iko kwa yule mnunuzi. Nikampigia kumwonya kwamba shamba lina walinzi wenye mapanga. "Nimesikia," akasema. "Jumamosi alfajiri naingia na vijana kumi na wawili na misumeno ya mashine. Wakiniuliza nitawaonyesha sahihi yako." Akanitakia siku njema. Tangu hapo simu yangu hapokei.

Leo ni Alhamisi. Mke wangu hajui, anadhani silali kwa furaha ya mzigo. Mama Tumaini amenitumia ujumbe kwamba ameloweka mahindi na maharage, atawapikia walinzi makande, na sahani yangu ameitenga.

Nikienda kusema ukweli, wale vijana watageuza mapanga yao wapi? Nisipokwenda, watakutana na wenye misumeno juu ya kaburi la kaka yangu, na atakayeanguka pale nitakuwa nimemuua mimi. Mnaosoma hapa mko maelfu, kuna wenye busara kunizidi, na hilo sijawahi kulisema kwa mtu. Nipeni akili kabla ya keshokutwa. Nikisimama mbele ya Mama Tumaini, neno la kwanza nianze na lipi?